Kipimo cha Chuo na Ardhi ya Nachingwea

Yafaa wanazuoni waulizane kwa kipimo gani chuo huhesabiwa kuwa chaweza kudumu pasipo kumaliza ardhi, maji na kuni za watu wanaokizunguka. Mwaka 1990 wakuu wa vyuo vikuu walikutana Talloires, Ufaransa, wakatia sahihi azimio la kuahidi jambo hilo. Tangu 2010 Chuo Kikuu cha Indonesia hupanga vyuo vya dunia katika orodha iitwayo GreenMetric, kwa kutazama majengo na viwanja, nishati, taka, maji, usafiri na elimu. Hesabu zenyewe huletwa na chuo kinachopimwa. Kabla hatujazipokea, natutazame hesabu zilivyowahi kufanya kazi katika nchi ya Wamwera, yenye Chinongwe, Ruangwa na Nachingwea.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Ujumbe wa John Wakefield ukazunguka nchi zetu kwa muda wa majuma tisa, sehemu kubwa ukiitazama ardhi kutoka ndani ya ndege, ukarudi na mpango wa eka 3,210,000. Mashamba yangekuwa 107, kila moja eka 30,000, na katika hayo 55 yaliwekwa Jimbo la Kusini, ambako kazi ilikuja kukaa Nachingwea. Karatasi ilikuwa kamili: eka, tani, pauni, miaka. Mvua haikutia sahihi. Ujuzi wa wakulima waliokwisha kupanda karanga kwa jembe la mkono haukupata safu yake katika jedwali. Mwezi Januari 1951 mpango uliachwa, baada ya kupotea pauni milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya 1960. Bandari ya Mtwara imebaki, na haki ni kuitaja.

Sasa tazama ardhi ile ile ilivyokuja kupimwa kwa namna nyingine. Mahali palipobaki na jina la hesabu, Farm 17, FRELIMO waliweka kambi yao kuu ya mafunzo katika miaka ya 1960. Hapo palikuwa chuo kisichotoa shahada: asubuhi vita, tena siasa, tena kusoma na kuandika, na jembe halikutengwa na masomo, kwa maana waliofunzwa walilima chakula chao. Simsifu mtu bila kiasi. Ni Nachingwea hiyo hiyo, mwaka 1975, akina Uria Simango walipofanywa wasome maungamo yao hadharani. Walakini kwa swali letu kambi ile ilikuwa na kipimo kisichodanganyika kwa urahisi, yaani sufuria.

Mwalimu Nyerere alitaka kipimo cha jamaa hiyo mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, aliposema kila shule iwe pia shamba au karakana, na ichangie matumizi yake. Jambo hilo liliharibika mahali pengi, shamba likawa adhabu ya watoro. Ila kosa lilikuwa la wasimamizi. Swali lenyewe halikujibiwa mpaka leo.

Nalo linarudi kusini. Mradi wa HEET, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umemwezesha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuelekea Lindi, na Nachingwea yenyewe ina Chuo cha Ualimu. Siku wapimaji watakapofika na fomu zao, watauliza sera ya mazingira imeandikwa lini na imepitishwa na kikao gani. Wangeuliza kwanza jikoni. Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Basi nani atalipa gesi mkopo ukiisha? Maji ya bweni na maji ya kijiji yatoka chemchemi moja au mbili? Na mwanakijiji anayekaa nje ya ua wa chuo, atapewa nafasi ya kujaza fomu yake?