Historia ya mahali haiandikiki bila lugha ya mahali

Leo ukimtajia mwanafunzi neno ‘tarehe’, atatazama kalenda. Hata hivyo, neno hilo lina maana nyingine kongwe katika Kiswahili: masimulizi ya mambo yaliyopita. Tarehe ya mji ilieleza nani alitawala, nani alimrithi na nani alipigana na nani. Pengine iliitwa ‘habari’, kama katika Habari za Pate. Kwa hivyo, fikra ya kuihifadhi historia ya mahali pamoja, mji mmoja au kisiwa kimoja, si ngeni kwetu.

Vyuo vikuu navyo viliipokea fikra hii kwa kuchelewa. Mnamo 1948 chuo cha Leicester, Uingereza, kilianzisha idara ya kuchunguza historia ya mahali chini ya W. G. Hoskins. Wakati huo Leicester haikuwa hata chuo kikuu kamili. Hadhi hiyo ilikuja 1957. Wanahistoria wengi walishughulikia wafalme, bunge na vita. Hoskins alishikilia kwamba kijiji, ua wa shamba na njia ya miguu pia ni kumbukumbu, mradi mtu ajue kuzisoma.

Majina ni sehemu ya kumbukumbu hizo. Karibu na Leicester kuna mji uitwao Oadby. Kiishio ‘by’ kilimaanisha kijiji au shamba katika lugha ya watu wa Skandinavia waliohamia huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Asiyejua lugha hiyo atalipita jina hilo bila kujua kwamba amepita ushahidi.

Tuje nyumbani basi. Mji wa Eldoret ulianzia kwenye shamba nambari 64 la walowezi. Wenyeji walilichukua jina la Kiingereza la nambari hiyo, wakalitia katika matamshi yao, likawa Sisibo. Nambari ya mkoloni ikageuka jina la wenyeji. Katika silabi hizo tatu mna habari za ardhi kupimwa, kupewa nambari na kugawiwa wageni.

Wanahistoria wetu wa kwanza waliujua uzito wa jambo hili. Bethwell Ogot na Gideon Were walipochapisha vitabu vyao mwaka wa 1967, kuhusu Waluo na Abaluyia mtawalia, walitegemea sana masimulizi ya wazee. Enzi hiyo wapo wasomi wa Ulaya waliodai kuwa Afrika haina historia kwa sababu haina maandishi. Godfrey Muriuki naye, katika kitabu chake cha 1974 kuhusu Wakikuyu, aliyatumia majina ya marika kukadiria miaka. Majina hayo ndiyo yaliyokuwa kalenda.

Chukua mfano wa njaa iliyowaangamiza watu wengi katikati mwa Kenya mnamo 1898 na 1899. Vitabu vya Kiingereza huiita Njaa Kuu. Wakikuyu waliiita Ng’aragu ya Ruraya, yaani njaa ya Ulaya. Tazama tofauti! Jina la kwanza linatuambia njaa ilikuwa kubwa, basi. Jina la pili linatuambia walioumia waliihusisha na nani. Mtafiti akitafsiri mahojiano kisha akatupa maneno ya awali, amemnyang’anya shahidi ushahidi wake.

Hii ndiyo hofu yangu. Tangu 2013 tuna kaunti 47, na vyuo vikuu vimeenea hadi maeneo ambayo zamani hayakuviota. Naunga mkono kila chuo kinachotaka kuwa na kituo cha historia ya eneo lake. Lakini kituo ambacho mzee anahojiwa kwa Kipokomo, maneno yake yakaandikwa kwa Kiingereza pekee na kanda ikaachwa iharibike, kitakuwa kinaipoteza historia kikidhani kinaihifadhi.

Pate inatupa onyo. Inasimuliwa kwamba nakala ya zamani ya habari za wafalme wa Pate iliangamia Waingereza waliposhambulia Witu mwaka wa 1890. Kilichobaki kilitoka kwa wasimulizi, hasa Bwana Kitini, na ndicho kilichonakiliwa kwa Kiswahili. Nakala zilizopo zinatofautiana hapa na pale, na tofauti zenyewe ni hazina kwa mtafiti. Lau lingehifadhiwa toleo moja la Kiingereza, tungezilinganisha na nini?

Kwa maoni yangu, kituo cha aina hii kinahitaji mambo matatu. Kwanza, mwanaisimu aajiriwe pamoja na mwanahistoria, wala si kuitwa tu panapokuwa na neno gumu. Pili, kila simulizi lihifadhiwe kwa sauti na kuandikwa katika lugha liliposimuliwa, kabla ya tafsiri yoyote. Tatu, matokeo yatolewe pia kwa Kiswahili, ili Mgiriama asome habari za Mkalenjin, na Mkalenjin za Mgiriama, bila kupitia London.

La tatu ndilo tunalolipuuza zaidi. Mzee ametoa maneno yake bure. Si haki mjukuu wake ashindwe kuyasoma kwa sababu yamefungiwa katika tasnifu ambayo hata mlangoni pake hajafika.