Bugali, sombe na bati: chaguzi ambazo historia ilianza kutufanyia



Kila tukikutana wawili watatu hapa Bunia, mazungumzo yanafika pale pale. Bugali ya muhogo ama ya mahindi? Sombe na mawese ama na karanga? Na yule ambaye amepata kaparseli kake upande wa Mudzipela ama Nyakasanza: aanze na bati ao aanze na ukuta? Tofali mbichi ama ya kuchoma? Tunacheka, tunabishana, kila mtu anatetea ya kwao. Mwisho tunasema ni mambo ya ladha na ya mfuko, basi.

Mimi nimesoma agronomia, na kila nikirudi kwenye maswali haya madogo naona kitu kingine nyuma yake. Chakula chetu cha kila siku na vile tunajenga ni majibu. Wazee wetu waliulizwa swali moja tena na tena: ni kitu gani kitabaki mikononi mwangu kama kesho mtu mwenye nguvu akija? Leo nataka tusome hayo majibu moja kwa moja.

Tuanze na muhogo. Wengi wanaamini ni mmea wa babu zetu tangu zamani za zamani. Hapana. Ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta kwenye mdomo wa mto Kongo katika karne ya 16, halafu ukapanda polepole kuja ndani, mkono kwa mkono, soko kwa soko. Mahindi na maharagi navyo vilitoka mabara ya Amerika. Kwa hiyo yule ndugu anayesema bugali ya muhogo ni ya kijijini na ya mahindi ni ya kisasa, ajue yote mawili ni wageni, tena wametoka upande mmoja.

Lakini mmea haukuja peke yake, ulikuja na elimu yake. Muhogo mchungu una kitu kinaitwa linamarini. Ukikata ama ukitwanga, kinakutana na kimeng'enya cha mmea wenyewe na kutoa sayanidi, ambayo ni sumu. Ndiyo maana mama zetu wanaloweka siku tatu ama nne, wanaanika, wanasaga. Nani aliwafundisha? Hakuna maabara. Ni watu waliojaribu, wengine wakaumia, elimu ikabaki.

Mfano uko kwenye mto wetu wenyewe. Mto Ituri, ukishuka magharibi, unabadilisha jina na kuitwa Aruwimi. Huko Yambuya, mwezi wa 6 mwaka 1887, Stanley alipokuwa anaelekea Ziwa Albert kumtafuta Emin Pasha, aliacha nyuma kundi moja la msafara wake chini ya Meja Barttelot. Wengi wao walikuwa wapagazi kutoka Zanzibar, watu wa lugha hii hii tunayoandika. Aliporudi na kuwakuta Banalya mwezi wa 8 mwaka 1888, wengi walikuwa wamekufa. Njaa, magonjwa na ukatili wa viongozi, vyote vilichangia. Lakini sababu moja Stanley mwenyewe aliiandika: walikula muhogo mchungu bila kuuandaa vizuri. Wenyeji wa mto walikuwa wanaloweka, wageni hawakujua. Muhogo ni ule ule: kwa mmoja ni chakula, kwa mwingine ni kifo. Kilichowatofautisha ni siku tatu za maji.

Halafu akaja Bula Matari, maana yake serikali ya wazungu. Dhahabu ya Kilo ilianza kuchimbwa mwaka 1905, na mwaka 1926 ikazaliwa kampuni ya Kilo-Moto. Tunapozungumza juu ya Kilo-Moto tunataja dhahabu tu. Mimi nauliza swali la agronomia: yule mfanyakazi wa shimo, alikula nini? Mtu anayebeba mawe tangu asubuhi hawezi kulima. Chakula chake kilipaswa kutoka kwenye mashamba ya vijiji vya kando kando, na vijiji havikuulizwa kama vinapenda.

Sheria ilikuja kusaidia lazima hiyo. Tangu 1917 serikali ya kikoloni iliruhusiwa kuwalazimisha wanakijiji kulima mazao iliyoyataka. Kwa dekreti ya 1933 ikawa siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita ya pili ya dunia, mwaka 1942, zikapanda hadi 120. Pamba ilikuwa ya kuuza, muhogo ulikuwa wa kuzuia njaa. Wakubwa waliupenda kwa sababu unavumilia udongo uliochoka na hautaki uangalizi mwingi. Mkulima aliyechukuliwa siku 120 kwa kazi ya wengine hana muda wa kupalilia mahindi kwa wakati wake.

Hapa ndipo kuna jambo ambalo naliona zuri sana. Watu walilazimishwa, lakini walipoachiwa uhuru mwaka 1960 hawakuutupa muhogo. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wamegundua faida ambayo mkubwa hakuifikiria. Mahindi yanakomaa kwa pamoja, yanavunwa kwa pamoja, yanawekwa ghalani. Ghala lina mlango, na mwenye bunduki anajua mlango uko wapi. Muhogo unakaa ardhini miezi 8, miezi 12, mpaka miaka miwili. Ghala lake ni udongo. Ukitaka kuuiba lazima uchimbe, na kuchimba ni kazi. Na ule mchungu zaidi, hata nguruwe-pori na nyani hawaufurahii.

Sisi kizazi chetu tumeona hesabu hiyo kwa macho. Vita ya Ituri ya 1999 mpaka 2003 wengi wetu tuliipitia tukiwa wadogo sana. Ile fujo ya Bunia ya mwezi wa 5 mwaka 2003, na askari wa Ulaya wa operesheni Artémis waliokuja mwezi uliofuata, tumesimuliwa na wazazi. Tangu mwisho wa 2017, upande wa Djugu, imeanza tena, na hali ya dharura ya tangu Mei 2021 haikuimaliza. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na usemi wake: mahindi ni ya mwaka wa amani, muhogo ni wa mwaka wa kukimbia. Alipanda yote mawili kila mwaka, kwa kuwa hakujua ule mwaka utakuwa wa namna gani.

Bon, sitaki mufikiri nimekuja kuusifu muhogo tu. Una bei yake. Mzizi una wanga mwingi na protini kidogo sana, kama asilimia 1 ama 2 tu. Na watu wakiwa mbioni, kitu cha kwanza kinachokatwa ni zile siku za kuloweka. Mwaka 1938 daktari Trolli alieleza ugonjwa wa miguu kupooza huko Kwango, magharibi mwa nchi yetu. Wenyeji waliuita konzo. Unapiga hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, na miguu hairudi kama zamani. Unakuja pale watu wanapokula muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, wiki nyingi, bila protini pembeni. Mwaka 1981, ukame ulipopiga Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 walipooza hivyo. Sasa fikirieni familia iliyotoka Djugu na kulala chini ya bashi kwenye saiti ya wakimbizi hapa Bunia. Maji ni ya kupanga foleni. Nafasi ya kuanika hakuna. Mtu akisema pale “loweka siku nne”, anaongea ukweli wa kitabu. Lakini lazima aulize kwanza ndoo iko wapi.

Sombe ndiyo jibu la wanawake kwa upungufu huo. Majani ya muhogo yana protini nzuri, na yanavunwa bila kungoja mzizi. Lakini nayo yana linamarini, ndiyo maana mama anatwanga kwanza halafu anachemsha muda mrefu. Mpangilio huo una maana. Ukichemsha majani mazima moja kwa moja, moto unaua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na sumu inabaki imefungwa ndani. Kinu ndicho kinachoifungua, halafu chungu inaitoa kwa mvuke. Kwa hiyo yule anayesema siku hizi kutwanga ni kupoteza muda, tumuheshimu lakini tumueleze. Na sombe ukiisindikiza na maharagi ama samaki kidogo wa Kasenyi, bugali yako imekamilika.

Sasa tupande juu ya nyumba. Bati lenye mawimbi ni wazo la Mwingereza Henry Robinson Palmer, mwaka 1829, kwa ajili ya majengo ya bandari ya London. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akaleta namna ya kulipaka zinki ili lisipate kutu haraka. Vitu vya bandari na kiwanda vikaja kuwa ndoto ya kila kijana wa Bunia.

Wataalamu wengi wanatucheka: bati linachoma mchana, linapiga kelele wakati wa mvua, majani ni baridi na ni ya bure. Ni kweli. Lakini nyumba ya majani inaungua kwa njiti moja ya kiberiti, na kwetu njiti hiyo si mfano wa mdomoni tu. Tena bati linafunguliwa. Familia nyingi, zikisikia hali inaharibika, zinang'oa misumari na kubeba bati kichwani, kwa sababu ukuta wa udongo unaweza kujengwa tena mahali popote, bati hapana. Waporaji nao wanajua hivyo hivyo: ukipita kwenye vijiji vilivyoachwa, utaona kuta zimesimama bila vichwa. Bati ni kama banki ya mtu ambaye hana banki. Ndiyo maana watu wanaanza na bati hata kama ukuta ni wa miti na udongo, na mimi siwezi kuwaita wajinga.

Lakini hapo pia kuna bei. BG 32 inauzwa rahisi kuliko BG 28 kwa sababu ni nyembamba. Namba ikipanda, unene unashuka. Wengi wananunua bila kujua hilo. Na bati bila mfereji ni nusu ya faida: kwenye mji ambapo maji ni kilio cha kila kartie, paa linamwaga mvua chini, linachimba msingi wa nyumba, halafu asubuhi mtoto anatumwa na bido kutafuta maji mbali.

Na tofali ya kuchoma? Inapendeza, haiogopi mvua, inaonyesha kwamba mtu amefika. Ila tanuru linakula kuni, na kuni zinatoka kwenye miti ambayo mtu fulani alipanda. Tofali ya udongo iliyokauka kwa jua, ikiwa na msingi wa mawe, paa lililotoka nje vizuri na lipu ya kukinga mvua, inakaa miaka mingi na ndani ni baridi. Mwenye kuchoma, basi apande eukaliptusi zake, lakini mbali na chemchemi na mbali na shamba, maana ni mti unaokunywa sana.

Kwa nini nawaandikia ninyi haya? Kwa sababu kesho ni sisi tutakuwa mawakala wa miradi, walimu, wakubwa wa serevisi. Tutatumwa kwa watu na karatasi inayosema “tabia mbaya” na “tabia nzuri”. Muhogo wakati mwingine umeandikwa upande wa mbaya, bati pia. Kabla ya kusoma karatasi hiyo kwa sauti, tuulize: chaguo hili linamlinda huyu mama na nini? Kama hatari hiyo bado iko, ukimnyang'anya jibu lake lazima umpe lingine lenye nguvu sawa. Kama hauna, afadhali uboreshe lile lake: vipandikizi safi visivyo na mozaiki, ule ugonjwa uliosambaa kutoka Uganda miaka ya 1990, pipa la kulowekea, mfereji kwenye bati, mstari wa maharagi kati ya muhogo.

Ushauri wa namna hiyo hauna fahari, hauwezi kupigwa picha nzuri ya ripoti. Lakini unaanza pale ambapo mtu amesimama, na unamhesabu kama mtu aliyefikiri kabla yako.

Na kwenu? Waliojenga walianza na bati ama na ukuta? Waulizeni wazazi sababu, halafu muandike hapa. Nina hakika hakuna atakayejibu “ni ladha tu”.