Pembe, kuni na mafuta: somo la nishati kutoka njia ya misafara ya Tabora

Mpwa wangu yuko darasa la tano na anaishi Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Jioni moja alinionyesha daftari lake la sayansi. Alikuwa amechora safu mbili. Kushoto aliandika nishati jadidifu: jua, upepo, maji, kuni. Kulia akaandika nishati isiyo jadidifu: makaa ya mawe, petroli, gesi asilia. Vema zote. Kisha akaniuliza, "Anko, kama kuni ni jadidifu, mbona mama anasema mkaa siku hizi unatoka mbali?"

Nilinyamaza kidogo. Swali lilikuwa zuri kuliko jedwali lenyewe. Hebu tulijibu kwa kutumia historia ya mji wetu.

Kabla ya reli, Tabora iliendeshwa na misuli ya binadamu. Wanyama wa mizigo hawakudumu kwenye mapori yenye mbung'o, kwa sababu ugonjwa wa nagana uliwaua. Kwa hiyo bidhaa zilipanda mabegani na vichwani mwa mapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na vitambaa, shanga na bunduki. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Richard Burton na John Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, yaani eneo la Tabora ya leo, Novemba 7. Safari ilichukua siku 134.

Sasa tupige hesabu. Mtu mzima anayefanya kazi ngumu anaweza kutoa takriban wati 75 kwa muda mrefu. Akifanya hivyo saa nane, anakuwa ametoa wati-saa 600. Hiyo ni uniti 0.6 ya LUKU, kwa siku nzima ya jasho! Lita moja ya dizeli ina nishati ya uniti 10 hivi. Injini ikigeuza theluthi yake kuwa kazi, lita hiyo moja inalingana na siku tano za pagazi. Ndiyo maana mafuta yalipokuja, dunia haikutaka kurudi nyuma.

Lakini angalia "mafuta" ya pagazi yalikuwa nini: mtama na vyakula vingine vya shambani. Nafaka hiyo ilihifadhi nishati ya jua la msimu uliopita, na msimu ujao ingeota nyingine. Kwa lugha ya daftari la mpwa wangu, msafara uliendeshwa kwa nishati jadidifu. Hiyo haimaanishi ulikuwa wa heri. Watu walikufa njiani kwa njaa na maradhi, na wengine walipita njia hiyo wakiwa watumwa.

Na kile kilichobebwa je? Tembo huzaa, basi pembe nazo ni rasilimali inayojirudia. Ila tembo hubeba mimba kwa takriban miezi 22, na ndama huchukua miaka mingi kukomaa. Bunduki haikusubiri. Kadiri karne ya 19 ilivyosonga, tembo walipungua Unyamwezi, na wafanyabiashara wakavuka Ziwa Tanganyika kuzifuata pembe hadi Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo. Kitu kinachojirudia kiliisha, kwa sababu kasi ya kukichukua ilizidi kasi yake ya kurudi.

Hapo ndipo jibu la swali la mkaa lilipo.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Pagazi akapoteza kazi yake ya zamani. Injini za mvuke za enzi ya Wajerumani zilikula kuni zilizokatwa kando ya reli, kwa hiyo mzigo wa nishati ulihama kutoka kwenye misuli ya watu kwenda kwenye miti ya miombo. Baadaye injini zikahamia kwenye mafuta, lakini msitu haukupumzika. Kule Urambo, baada ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza kushindwa, zao lililoshika mizizi ni tumbaku. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa joto kwenye mabani, na joto hilo kwa sehemu kubwa limetokana na kuni. Ongeza na mkaa wa mjini: kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni.

Miombo ina uvumilivu. Ukikata mti bila kung'oa kisiki, huchipua tena. Ila unahitaji miongo kadhaa kurudi ulivyokuwa. Ukirudi kuukata mapema, au ukageuza pori kuwa shamba, umekula mbegu. Na wanaolipa sio wapishi tu. Warina asali wa Tabora nao wanaitegemea miti hiyohiyo.

Leo njia za nishati zinapishana mkoani kwetu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, linapita Nzega na Igunga. Hayo ni mafuta yaliyochukua mamilioni ya miaka kutengenezwa, yakienda pwani kama pembe zilivyokwenda. Wakati huohuo, reli mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inajengwa kuja Tabora.

Ukitaka kumfundisha mtoto haya yote, huhitaji maabara. Chukua bakuli tatu na maharage, kila bakuli punje 30. Bakuli la kwanza ni msitu unaotunzwa: kila raundi toa punje 2, rudisha 2. La pili ni msitu unaovamiwa: toa 5, rudisha 2. La tatu ni mafuta: toa 2, usirudishe kitu. Mwache mtoto ahesabu mwenyewe.

Mpwa wangu alicheka alipoona matokeo. Bakuli la kwanza halikuisha kabisa. La mafuta liliisha raundi ya 15. Lakini la msitu unaovamiwa lilibaki na punje 3 baada ya raundi ya 9, na ya 10 haikuwezekana. Yaani ile "jadidifu" ilitangulia kuisha!

Tukaongeza jambo moja: gesi ya mtungi haina moshi wa kuni, na inasaidia kuokoa mapafu ya mama jikoni, lakini inabaki safu ya kulia. Safi na jadidifu ni maswali mawili tofauti.

Alichukua kalamu, akafuta neno "kuni" kwenye safu ya kushoto, akachora safu ya tatu katikati. Juu yake akaandika: "Inategemea tunakata haraka kiasi gani."