Shehena Zilizojenga Bandari za Ulaya Magharibi

Kila mwaka, baridi ya Ulaya inapoanza kulegea, meli za utalii huanza kuifuata pwani ya Atlantiki kutoka Lisbon kwenda kaskazini: Porto, A Coruña, Bordeaux, La Rochelle, Saint-Malo, Honfleur, hadi Antwerp. Abiria hushuka asubuhi, huzungushwa mjini, huonja mvinyo na samaki, na jioni meli hung'oa nanga. Husimuliwa habari za makanisa, wafalme na wachoraji. Ni habari za kweli na ni nzuri kuzisikia. Lakini nahodha wa zamani alipofika bandari asiyoijua aliuliza mambo mawili kabla ya yote: maji yana kina gani, na hapa pana shehena gani. Anayezipita bandari hizi na maswali hayo mawili huona historia nyingine kabisa, na si mara moja historia hiyo itamrudisha Kilwa, Zanzibar na Kongo.

Lisbon iko karibu na mlango wa mto Tagus, mahali ambapo mto unapanuka hata merikebu nyingi zikaweza kulala kwa amani, mbali na mawimbi ya Atlantiki. Meli inayoingia hupita kwanza Belém, na hapo ndipo Vasco da Gama alipotweka tanga tarehe 8 Julai 1497 akiwa na merikebu nne. Aprili 1498 alikuwa Mombasa, ambako alitiliwa shaka. Akaendelea hadi Malindi, ambako Sultani alimpokea na kumpa rubani wa kumvusha Bahari ya Hindi. Mwezi uliofuata alikuwa Calicut, India. Wareno walizunguka Afrika kwa ujuzi wao wenyewe, ila kipande cha mwisho walivushwa na elimu ya pepo na nyota iliyokuwa mali ya mabaharia wa bahari hii kwa karne nyingi.

Watalii wa Belém hupangwa foleni kuingia Monasteri ya Jerónimos, jengo la mawe meupe lililochongwa kamba, mafundo na viumbe vya bahari. Mfalme Manuel I aliamuru lijengwe mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwenye ushuru wa karibu asilimia 5 uliotozwa biashara ya Afrika na Mashariki. Kaburi la Vasco da Gama limo humo. Lakini kitu ambacho kila msomaji wa Kiswahili angepaswa kukijua hakimo tena monasterini. Kiko kilomita chache tu kutoka hapo, katika jumba la makumbusho liitwalo Museu Nacional de Arte Antiga.

Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyeshea Ekaristi, nacho kinaitwa Custódia de Belém. Urefu wake unapita kidogo sentimita 70. Kimefuliwa kwa dhahabu na kutiwa rangi za enameli, na kazi hiyo inahusishwa na sonara Gil Vicente. Katikati wamepiga magoti mitume 12, kila mmoja na uso wake na mikono yake kifuani. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe. Na kwenye kitako, herufi zimezungushwa zikieleza kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilimalizika mwaka 1506. Jina la Kilwa limo humo, kwa tahajia ya Wareno wa enzi hizo, na linasomeka mpaka leo.

Kodi hiyo haikutolewa kwa hiari. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama aliingia Kilwa na kundi la merikebu zenye mizinga, akamtisha mtawala wa mji, Amir Ibrahim, mpaka akakubali kulipa dhahabu kila mwaka kwa Mfalme wa Ureno. Dhahabu yenyewe ilitoka nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala na kupandishwa kwa majahazi hadi Kilwa. Biashara hiyo ndiyo iliyoujengea mji Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa. Basi wakati sonara wa Lisbon akiwa angali kwenye kazi yake, Julai 1505, Mreno Francisco de Almeida alifika Kilwa na kuuteka mji uleule uliokwisha kutozwa. Mwezi uliofuata aliichoma moto Mombasa. Kwa maoni yangu hakuna kitu chochote katika safari nzima ya pwani hii kinachoeleza mambo kwa ufupi na kwa ukweli kuliko kile chombo cha dhahabu na maandishi yake.

Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliiangusha Lisbon. Bahari ikapanda juu ya gati, kisha moto ukala kilichobaki. Casa da Índia, ofisi iliyosimamia biashara yote ya Mashariki, iliteketea pamoja na kumbukumbu zake, na kurasa nyingi za historia ya pwani yetu zikapotea humo. Belém iliumia kidogo, na monasteri ikabaki imesimama.

Kaskazini zaidi, mto Douro unafikia bahari mahali pa hatari. Fungu la mchanga lililoko mdomoni lilizamisha vyombo vingi, hata mwishoni mwa karne ya 19 ikabidi bandari nyingine ijengwe Leixões, nje ya mto. Ndiyo maana abiria wa leo wanaoambiwa wamefika Porto huwa hawajaingia Porto bado. A Coruña, huko Galicia, ina Mnara wa Hercules, uliojengwa na Warumi na ambao bado unawasha taa kuongoza vyombo. Hakuna mnara mwingine wa Kirumi unaofanya kazi hiyo hadi leo. Chini yake liko jiwe lenye jina la mjenzi, Gaius Sevius Lupus. Ni mara chache sana fundi wa zama zile kuachiwa jina lake.

Bordeaux iko kiasi cha kilomita 100 kutoka baharini, na meli husubiri maji yajae ndipo zipande mto. Mdomoni hupita Cordouan, mnara wa taa uliokamilika mwaka 1611 juu ya mwamba unaozungukwa na maji. Mjini, majumba ya karne ya 18 yamejipanga kando ya mto kwa mfululizo mrefu wa mawe ya rangi ya asali. Simama Place de la Bourse uangalie juu ya milango na madirisha: zimechongwa nyuso za miungu ya bahari na za wanyama, zabibu, na kati yake nyuso za Waafrika. Mvinyo uliipa Bordeaux jina, lakini fedha za karne ile zilitoka zaidi kwenye sukari na kahawa ya Saint-Domingue, Haiti ya leo, zilizolimwa na watumwa. Tangu mwaka 2009 makumbusho ya mji, Musée d'Aquitaine, yana vyumba maalumu vinavyolieleza jambo hilo bila kuzungukazunguka.

La Rochelle nayo ina kisa kizito. Mlango wa bandari yake ya zamani umebanwa na minara miwili, Saint-Nicolas na ule wa Mnyororo, na usiku mnyororo ulivutwa kati yake ili chombo kisiingie wala kutoka bila ruhusa. Mji ulikuwa wa Waprotestanti na ulikuwa karibu kama dola ndani ya dola, wenye merikebu zake na ushirika wake na Waingereza. Kadinali Richelieu, waziri mkuu wa Louis XIII, hakuweza kuvumilia hayo. Mwaka 1627 jeshi la mfalme likauzunguka mji upande wa nchi kavu. Lakini kuuzingira mji wa bandari ambao bahari iko wazi ni kazi bure, kwa hiyo Richelieu akaamua kuifunga bahari yenyewe. Alijenga ukuta wa takriban kilomita moja na nusu kukatiza ghuba, kwa mawe, magogo na merikebu zilizojazwa mawe na kuzamishwa makusudi. Waingereza walileta misaada, wakautazama ukuta, wakarudi.

Ndani ya mji watu walikula farasi, kisha mbwa na paka, kisha ngozi zilizochemshwa. Meya Jean Guiton alikataa kusalimu amri mpaka Oktoba 1628. Kati ya wakazi wapatao 27,000 walibaki kama 5,000. Richelieu akabomoa kuta za upande wa bara na kuiacha minara inayotazama bahari, kwa kuwa hiyo ilimfaa mfalme. Ndiyo hiyo wanayopigia picha wageni leo wakiwa mezani na chaza zao. Mji uliinuka tena, na namna ulivyoinuka inaumiza kuisimulia: watu walioonja njaa na kifungo kiasi kile, karne moja baadaye walikuwa miongoni mwa wakubwa wa biashara ya watumwa nchini Ufaransa. Nyumba ya familia ya Fleuriau, iliyokuwa na shamba la miwa Saint-Domingue, sasa ni makumbusho yanayohusu mabara ya Amerika na utumwa.

Mji uliozidi yote katika biashara hiyo ni Nantes, kwenye mto Loire. Zaidi ya safari 1,700 za watumwa zilianzia hapo. Mwaka 2012 mji ulifungua kumbukumbu yake kwenye gati la Quai de la Fosse. Juu, njiani, vimelazwa vibao vya kioo vipatavyo 2,000, vingi vikiwa na jina la merikebu na mwaka wake. Ukisoma majina utakuta ya kike, ya watakatifu, ya fadhila kama matumaini na haki. Kisha unashuka ngazi hadi kwenye ujia wa zege ulio chini ya gati, maji ya mto yakipita kando yako. Nantes imefanya jambo la heshima, na ningependa kila bandari ya pwani hiyo iige mfano wake.

Kwetu watumwa wa Wafaransa walipita njia nyingine. Lorient, mji ulioanzishwa mwaka 1666 kwa ajili ya Kampuni ya Ufaransa ya India ya Mashariki, ulipokea kahawa ya kisiwa cha Bourbon, yaani Réunion. Mahé de La Bourdonnais, mzaliwa wa Saint-Malo, alitawala Bourbon na Mauritius kuanzia miaka ya 1730. Mashamba ya visiwa hivyo yalihitaji mikono, na mikono hiyo ilitafutwa Madagaska, Msumbiji na Kilwa. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka kwa miaka 100. Lazima tuyaseme yote: safari hii mlangoni hapakuwa na mizinga. Muuzaji alikuwa mwenyeji.

Saint-Malo yenyewe ina bamvua za kutisha; maji hupanda na kushuka hadi mita 12 na zaidi, vyombo vikaachwa mchangani na saa chache baadaye vikaelea. Mji wenye ngome unaoonekana wa kale kwa kiasi kikubwa umejengwa upya, maana uliteketea kwa vita Agosti 1944. Honfleur ilinusurika na bado ina kanisa la Sainte-Catherine, lililojengwa kwa mbao na mafundi wa merikebu katika karne ya 15. Dari yake ni maungo mawili ya chombo yaliyopinduliwa.

Bruges iliuawa na tope. Dhoruba ya mwaka 1134 iliifungulia mkondo wa Zwin, na kwa karne tatu mji huo ukawa soko kuu la kaskazini. Mkondo ukajaa mchanga, wafanyabiashara wakahamia Antwerp, na Bruges ikabaki maskini kiasi cha kukosa fedha za kubomoa nyumba zake za zamani. Umaskini huo ndio uliozihifadhi. Meli za sasa hutia nanga Zeebrugge, bandari iliyofunguliwa mwaka 1907 na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji.

Jina hilo linatupeleka Antwerp. Shehena ya kwanza ya viungo kutoka Lisbon ilishushwa huko mwaka 1501, na mji ukatajirika haraka. Mwaka 1585 Wahispania waliuteka, Waholanzi wakafunga mto Scheldt, na kwa zaidi ya karne mbili bandari ikadumaa. Iliyoiinua tena, pamoja na mengine, ni Kongo. Pembe za ndovu za mashariki mwa Kongo, ambazo zamani zilipitia Ujiji na Tabora hadi Zanzibar, ziligeuziwa njia baada ya vita vya 1892 hadi 1894 kati ya majeshi ya Leopold, mtawala wa Kongo wakati huo, na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu. Antwerp ikawa soko kubwa la pembe Ulaya.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 karani kijana wa kampuni ya meli ya Liverpool, E. D. Morel, alitumwa mara kwa mara Antwerp kusimamia meli za Kongo. Alikuwa na hati za shehena mikononi. Alichokiona ni kwamba meli zilifika zimejaa mpira na pembe, lakini zilizorudi zilipakia maofisa, bunduki na risasi, na bidhaa za kuuza zilikuwa kidogo mno. Kama hakuna kinachopelekwa kulipia mpira, basi mpira haununuliwi. Unachukuliwa kwa nguvu. Hakuwa amefika Kongo. Aliijua kazi ya kulazimishwa kwa kusoma orodha za bandari. Aliacha kazi, akaandika, na mwaka 1904 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kudai mageuzi Kongo. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia nchi hiyo, ikawa koloni la Ubelgiji.

Wasomaji wetu mlioko Ubelgiji, hasa mliotoka Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi: mkifika Antwerp na watoto wenu, msiishie kwenye uwanja wa Grote Markt na maduka ya chokoleti. Nendeni ukingoni mwa Scheldt, muwaonyeshe gati, na muwaambie nini kilishushwa pale na nini kilipakiwa.