Je, Kompyuta Hii Inafaa kwa Gemu? Historia ya Swali Moja

Mwaka jana kaka yangu, mwendesha bodaboda wa Masaka, alinikabidhi shilingi milioni mbili alizokuwa ameziweka akiba kidogo kidogo. Alikuwa amekodi kibanda na alitaka kompyuta moja ya kuchezeshea vijana gemu ya mpira kwa malipo. Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wetu. Nenda Kampala unichagulie." Nilimchagulia kompyuta mpakato mpya, nyembamba, yenye prosesa ya kisasa na diski kubwa. Siku ya kwanza wachezaji kwenye kioo walitembea kwa kurukaruka, na mpira ulifika golini kabla mguu haujaupiga. Vijana walicheka, wakaondoka. Kaka hakunilaumu. Alinyamaza tu, na ukimya ule ulinichoma kuliko matusi.

Mimi ni mwanafunzi wa historia na Kiswahili, si mhandisi. Hivyo nilifanya kile ninachofundishwa kufanya: nilirudi nyuma kuuliza watu waliotangulia walilijibuje swali hili. Katika insha hii nitaeleza niliyoyakuta.

Mwanzoni swali halikuwepo, kwa sababu hakuna aliyenunua kompyuta kwa ajili ya kucheza. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Steve Russell na wenzake walitunga gemu iitwayo Spacewar! kwenye mashine ya PDP-1. Mashine hiyo iliuzwa kwa takriban dola 120,000, na kumbukumbu yake ya kawaida ilikuwa kama kilobaiti 9 tu. Lakini jambo moja lilinishangaza. Kampuni ya DEC iliyoiunda PDP-1 ilianza kuitumia Spacewar! kuhakikisha kwamba mashine mpya inafanya kazi sawasawa kabla ya kumwachia mteja. Yaani tangu mwanzo gemu haikuwa mchezo tu. Ilikuwa kipimo cha mashine yenyewe.

Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake binafsi. Hapo ndipo mnunuzi wa kawaida alipoanza kukosea kama nilivyokosea mimi. Kompyuta hiyo iliweza kufungwa mojawapo ya kadi mbili za kuonyesha. Ya kwanza, iliyopendwa maofisini, ilitoa herufi safi sana lakini haikuweza kuchora picha hata moja. Ya pili, iliyoitwa CGA, ilitoa rangi nne kwa wakati mmoja katika picha ya nukta 320 kwa 200. Mtu aliyelipa fedha nyingi akachukua ile ya kwanza alikuwa na mashine mpya, ya gharama, isiyoweza kuonyesha gemu za picha. Bei haikumsaidia.

Baadaye kampuni nyingine zilianza kuunda kompyuta zinazoiga ile ya IBM. Wauzaji wote walidai kwamba mashine zao zinafanana nayo kabisa. Wanunuzi waliwaaminije? Walibeba programu mbili: Lotus 1-2-3 ya mahesabu ya ofisi, na Flight Simulator ya Microsoft, gemu ya kurusha ndege iliyotoka mwaka 1982. Programu hizo zilizungumza moja kwa moja na vifaa vya ndani bila kupitia mfumo endeshi, kwa hiyo palipokuwa na tofauti ndogo, zilikwama. Mteja hakuhitaji kusoma maelezo ya muuzaji. Aliweka diski, akatazama kama ndege inaruka.

Kipindi hicho kilikuwa na kioja kingine: kompyuta iliweza kushindwa kwa kuwa nzuri mno. Gemu kadhaa za zamani zilitungwa kwa kufuata mwendo wa prosesa ya IBM, megahezi 4.77. Kwenye mashine yenye kasi zaidi, kila kitu kilikimbia kiasi kwamba hakuna mkono ungeweza kukifuata. Ndiyo maana kompyuta nyingi za miaka ile ziliwekewa kitufe cha turbo. Jina lake lilidanganya, kwani faida yake kubwa ilikuwa kuipunguza kasi mashine.

Desemba 1993 kampuni ya id Software ilitoa Doom. Gemu hiyo ilihitaji angalau prosesa ya 386 na megabaiti 4 za kumbukumbu, lakini mwenye 386 aligundua haraka kwamba kuanza kucheza ni jambo moja na kucheza vizuri ni jambo jingine. Watunzi walimwachia njia: angeweza kupunguza ukubwa wa dirisha la mchezo ili mashine ichore nukta chache zaidi. Hapa niliona somo la kwanza la kweli. Jibu la swali letu si "ndiyo" au "hapana" pekee. Pana hatua nyingi katikati.

Mwaka 1996 ikaja Quake, na somo likawa chungu. Gemu hii ilitegemea sana hesabu za desimali, kazi ambayo prosesa ya Pentium iliifanya vizuri. Prosesa ya 6x86 ya kampuni ya Cyrix, iliyosifiwa kwa kazi za ofisi na kuuzwa kwa bei nafuu, ilibaki nyuma sana. Waliokuwa wamelinganisha mashine kwa kazi za ofisi walijikuta wamepima kitu kingine. Mwaka huohuo kampuni ya 3dfx ilileta kadi ya Voodoo, iliyofanya kazi ya kuchora tu, na mwaka 1999 NVIDIA ilitoa GeForce 256. Tangu hapo, kwa mchezaji, prosesa haikuwa tena mfalme peke yake. Kadi ya michoro ilikalia kiti cha pili, na mara nyingi cha kwanza.

Mwaka 2007 Microsoft ilijaribu kumaliza ubishi. Windows Vista iliipa kila kompyuta alama, kuanzia 1.0 hadi 5.9. Alama ya jumla haikuwa wastani. Ilikuwa ile ya sehemu dhaifu kuliko zote. Niliposoma hilo nilifunga daftari kwa muda. Msafara hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma, nami nilikuwa nimetazama walio mbele tu. Hata hivyo, alama zile hazikuwaridhisha wachezaji. Mwaka huohuo ilitoka Crysis, gemu nzito kiasi kwamba swali la utani, "Je, inaweza kuchezesha Crysis?", likawa kipimo cha kila kompyuta mpya. Watu walirudi kwenye desturi ya Flight Simulator: weka gemu, utazame.

Nikirudi kwa kaka yangu, kosa langu sasa lilikuwa wazi. Kompyuta niliyomnunulia haikuwa na kadi ya michoro ya peke yake. Michoro ilifanywa ndani ya prosesa, ikiazima kumbukumbu ya mashine, nayo kumbukumbu ilikuwa kipande kimoja tu cha gigabaiti 8. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini kama wale wa Doom, nilikuwa na hatua za katikati. Kwa posho yangu ya mwezi nilinunua kipande cha pili, ili viwili vifanye kazi sambamba na kuipa michoro njia pana zaidi. Nikapunguza picha hadi nukta 1280 kwa 720. Tukaweka toleo la gemu la miaka kadhaa nyuma. Nilikaa nyuma ya kaka akicheza dakika kumi nzima. Mpira ulikwenda ulikotumwa.

Kibanda bado hakijarudisha milioni mbili, nami sijifanyi kwamba kumbukumbu ya nyongeza imefuta kosa. Ila tangu siku hiyo, jirani akiniuliza kama kompyuta fulani inafaa kwa gemu, simpi jibu kabla sijamuuliza: gemu ipi? Na ninamshauri asitoe fedha mpaka aione ikichezwa palepale dukani.