Ununuzi wa Pikipiki Iliyotumika: Hakiki Umiliki Kabla ya Malipo

Mgeni mkaazi au Mtanzania aliyerejea kutoka nje ya nchi anayenunua pikipiki iliyotumika kwa wafanyabiashara wa Kinondoni, Temeke na kwingineko Dar es Salaam azingatie kuwa kukabidhiwa funguo si kukabidhiwa umiliki.

Kabla ya kulipa, alinganishe namba ya usajili, inayoanza na herufi MC, pamoja na namba za chasisi na injini, na zile zilizo katika kadi ya usajili. Aoneshwe kadi halisi, kwa kuwa pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo kadi yake huweza kubaki kwa mkopeshaji hadi deni liishe.

Baada ya mkataba wa mauziano kusainiwa, umiliki huhamishwa kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na mnunuzi hutakiwa kuwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN). Bila uhamisho huo, kumbukumbu huendelea kumtambua mmiliki wa awali, na mnunuzi hupata ugumu kuthibitisha haki yake pikipiki ikiibwa au kukamatwa.

Aidha, leseni ya udereva ya daraja husika na bima iliyo hai ni masharti ya kisheria.