Nyawera: Chini ya bluu kuna kijani

Fundi mmoja wa rangi za magari hapa Nyawera aliletewa juzi kazi ambayo si gari wala pikipiki. Ni kofia ya chuma ya askari. Mama mwenye kofia hiyo amewanyweshea kuku maji ndani yake kwa miaka mingi. Sasa kijana wake anataka ipakwe rangi mpya na kuwekwa saloni, kwa kuwa ilikuwa ya babu, aliyekuwa dobi katika kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa baada ya uhuru.

Ugomvi ulikuwa juu ya rangi. Juu kuna bluu iliyobabuka. Fundi alipokwangua kidogo, kijani ikatokea chini yake, yenye chengachenga kama msasa. Mama anataka bluu, rangi ya watu waliomlipa baba yake mshahara. Kijana anataka kijani. Bluu, anasema, haikumlinda mtu.

Kwa umbo, kofia hii ni ya aina ya M1. Marekani ilianza kuitengeneza mwaka 1941, na baada ya vita nchi nyingine zikaiga, Ubelgiji ikiwemo. Wamarekani walitia unga wa koki, ile ya vizibo vya chupa, katika rangi yake ili isimetemete juani. Kijani ilikuwa ya kujificha.

Bluu ni kinyume chake, ni ya kuonekana. Novemba 1956 Umoja wa Mataifa ulikuwa unapeleka askari Misri, kwenye mgogoro wa Suez, na haukuwa na muda wa kungoja bereti za bluu zishonwe. Basi zikachukuliwa kofia za plastiki ambazo askari wa Marekani walikuwa wakivaa ndani ya zile za chuma, zikapulizwa rangi ya bluu. Jina tunalotumia hadi leo, kofia za bluu, lilitokana na haraka hiyo.

Julai 1960 zikafika Kongo. Hapa Kivu walikuja Wanigeria, na baadaye watu wa Malaya. Haukuwa wakati wa utulivu: Krismasi ya 1960 askari kutoka Stanleyville waliiteka serikali ya jimbo, na tarehe 1 Januari 1961 askari wa Mobutu wakajaribu kuuchukua mji wakitokea upande wa Shangugu, wakashindwa. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kiliondoka nchini tarehe 30 Juni 1964. Agosti hiyohiyo waasi wa Simba wakaingia Bukavu, na Kanali Léonard Mulamba akawarudisha nyuma.

Miaka 40 baadaye kofia za bluu zilikuwa zimerudi, na zilikuwa hapa mjini tarehe 2 Juni 2004, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa Nkunda na Mutebutsi. Watu waliandamana dhidi yao katika miji mingi ya nchi. Mwisho wa Juni 2024, Monusco nayo ikafunga kazi zake Kivu Kusini. Kijana anayakumbuka haya ya mwisho. Mama anayakumbuka yale ya kwanza.

Fundi alikuwa tayari ameloweka kitambaa kwenye dilia. Nilimwomba asubiri. Ukishakwangua bluu, hakuna atakayejua kofia hii ilipita wapi. Ukipaka mpya juu yake, vilevile. Inatosha kuiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kusugua kutu kwa mafuta kidogo na kitambaa, na kuikausha vizuri.

«Kuosha kunalipwa bei gani?» fundi aliuliza, na alikuwa na haki.

Walikubaliana nusu ya bei. Pale kwenye paji bluu imebaki na mkwaruzo wake, kijani inaonekana katikati, upana wa kidole gumba. Mama aliifunga ndani ya kitenge kabla ya kutoka garaji, maana raia kukutwa barabarani na kitu cha jeshi ni kujitafutia maneno. Kuku wamenunuliwa beseni.